UZI: Mezze za Walebanoni (visahani vidogo vidogo vya kula pamoja) haziagizwi na mtu mmoja, zinaagizwa na meza. Tuelewane kabla hamjalalamikia bili

Jiko la Baridi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Doha, napiga kazi kwenye mgahawa wa Kilebanoni, upande wa vyakula vya baridi. Kabla ya hapo nilikuwa nahudumia meza. Naleta mada hii kwa sababu ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaokuja kula pale wananitia huruma. Wanakaa watu sita, kila mmoja anafungua menyu na kuagiza chake: huyu hummus, yule tabbouleh (saladi ya pasli), mwingine sambousek (sambusa zao). Vikija, kila mtu anavuta kibakuli chake kifuani. Anakula hummus tupu mpaka inamkinai, anamaliza hajaridhika, na bili ikifika maneno yanaanza: "Dengu za kuponda ndiyo bei hii?"

Bei siitetei. Lakini mezze ukiila peke yako umenunua kachumbari ghali. Vile visahani vidogo vimepikwa vikiwa vinategemeana. Hummus ni nzito, inahitaji achari pembeni. Mutabbal ya biringanya ina moshi, inahitaji kitu kibichi kama nanaa au figili. Tabbouleh ni kali kwa limau, ndiyo inayokusafisha mdomo baada ya kibbeh (donge la nyama na ngano) ya kukaanga. Sahani moja peke yake haijakamilika, na haikukusudiwa ikamilike.

Inavyokwenda kwao, yaani Lebanoni, Syria, Palestina na Jordan, nchi ambazo wazee wetu waliziita Sham, ni hivi. Kwanza meza inapata mkate, zeituni, achari za tanipu zilizogeuka pinki kwa bitiruti, na sinia la mboga mbichi. Kule Lebanoni mara nyingi mboga zinakuja nzima, nyanya, matango, figili na vichane vya nanaa, na kisu pembeni. Mkate wenyewe ni ule mwembamba wa mfuko. Halafu zinaingia za baridi: hummus, mutabbal, labneh (mtindi uliochujwa mpaka ukashikana), majani ya mzabibu yaliyofungwa na wali, maharage mabichi yaliyopikwa kwa mafuta ya zeituni na nyanya yakaachwa yapoe, tabbouleh au fattoush (saladi yenye vipande vya mkate mkavu). Meza ikishachangamka ndipo zinakuja za moto: fatayer (vimkate vilivyojazwa) za mchicha wao, sambousek, kibbeh, viazi vya kitunguu saumu na pilipili, soseji ndogo za makanek zilizozungushwa kwenye asali ya komamanga, maini. Nyama choma ni ya mwisho kabisa, na meza nyingi zikifika hapo zinakuwa zimeshasalimu amri. Matunda, kahawa, basi.

Kwa hiyo ukiona mtu anasema mezze ni "vya kufungulia tumbo kabla ya chakula", huyo kaisoma kwenye menyu ya hoteli. Zahle, mji wa bonde la Bekaa, kuna migahawa imejipanga kando ya mto Berdawni, maji yanapita chini ya meza karibu. UNESCO iliutia mji ule kwenye orodha ya miji ya ubunifu wa mapishi mwaka 2013. Jumapili familia inakaa saa nane mchana, bibi, wajukuu, mashemeji, na giza likiingia bado wapo. Sahani zinafika 30 au 40 kwa meza kubwa. Hakuna anayeuliza chakula kinakuja saa ngapi, kwa sababu kimeshakuja na bado kinakuja.

Sasa ushauri wa kazini. Mkiwa wanne, agizeni sahani sita mpaka nane za kuanzia, na msiagize zinazofanana. Moja ya tahini, moja ya majani, moja ya mtindi, moja ya mboga za mafuta, mbili za moto, moja ya nyama. Kisha subirini. Mkiona mnahitaji, ongezeni. Msimruhusu mhudumu awaletee zote kwa mkupuo, mwambieni "shwayy shwayy", yaani polepole. Na tafadhali msishibe mkate.

Mkate nao una namna yake. Unachana kipande cha vidole viwili, unakikunja kiwe kama kijiko kidogo, unakokota ukianzia ukingoni mwa sahani, si katikati. Mimi ndiye ninayeijenga ile sahani ya hummus. Naweka donge katikati, nazungusha sahani kwa mkono wa kushoto huku mgongo wa kijiko ukisukuma kutoka kati kwenda nje, mpaka pembeni kunasimama ukuta na katikati kunabaki shimo. Shimo hilo ni la mafuta ya zeituni. Mtu akichovya katikati mara ya kwanza tu, ukuta unabomoka, mafuta yanamwagika upande mmoja, wenzake wanabaki na hummus kavu. Ukianzia ukingoni, kila mtu anafikiwa na mafuta mpaka mwisho.

Karibuni kwa maswali na matusi.

Kibubu

Nimekaa siti ya mbele na juisi yangu. Swali la kwanza ambalo kila mtu analiogopa: sahani zote hizo, nani analipa?

Jiko la Baridi (mleta mada)

@Kibubu aliyealika. Lakini usidhani inakwisha kimya kimya. Wanaume wawili wa Kilebanoni wakigombea bili utadhani wanataka kupigana. Mmoja anajifanya anakwenda msalani, kumbe anakwenda kaunta kulipa. Mwingine kampa mhudumu kadi kabla hata hajakaa. Nimewahi kushikiwa kadi mbili kwa wakati mmoja, kila mwenye kadi akiniapiza nisichukue ya mwenzake. Vijana siku hizi wanagawana sawa kwa sawa, ila mbele ya wazee wao hawathubutu.

Mama Wawili wa Tanga

Mimi hoja yangu ni usafi. Watu kumi mnachovya bakuli moja? Mtu kauma mkate, anarudisha kipande kilekile chenye mate kwenye hummus? Hapana jamani. Mafua ya mmoja yanakuwa ya ukoo.

Jiko la Baridi (mleta mada)

@Mama Wawili wa Tanga nao hawakubali hilo, dada. Kipande kinachovywa mara moja, kinaingia mdomoni chote, ndiyo maana kinachanwa kidogo. Ukitaka kula polepole kuna sahani yako ndogo mbele, unajichotea kwa kijiko cha sahani, unabaki nayo. Anayerudisha mkate ulioumwa anatazamwa jicho hilo hilo unalomtazama nalo wewe.

Mpemba wa Muscat

Mleta mada umeeleza vizuri, lakini na sisi wa pwani msitufanye kama jambo hili tumelisikia leo. Tazama futari yetu. Muhogo wa nazi, tambi, kaimati, sambusa, bajia, viazi karai, maharage, uji. Vyote kwenye mkeka mmoja, na jirani analetewa kawa yake. Hiyo ni nini kama si mezze?

Ila nimekula nao hapa Muscat, kwa rafiki yangu wa Kisyria kutoka Halab (Aleppo), na tofauti nimeiona. Kwetu kwenye sinia la pilau la harusi, mnakaa wanne au watano, kila mmoja anakula upande wake. Adabu ni mkono usivuke. Nyama iko katikati, mkubwa ndiye anayeigawa. Kwao meza nzima ni ya kila mtu, mkono unavuka, unapishana na mwingine, na mwenye nyumba akiona hujagusa sahani fulani anakutilia mwenyewe bila kukuuliza. Mara ya kwanza nilihisi wananilazimisha. Baadaye nikaona ndiyo mapenzi yao yalivyo. Anakwambia "tfaddal" (karibu), na ukimsifu chakula anakujibu "sahtein" (afya maradufu).

Tofauti nyingine ni mwendo. Futari ina saa yake, tarawehe inakungoja. Hawa hawangojwi na mtu.

Kaka Ngano

Kuna kitu mnazunguka. Nimeona video mtu anakula NYAMA MBICHI na vitunguu, wanaiita kibbeh nayyeh, na iko kwenye mezze hizo hizo. Mleta mada mbona hujaitaja? Au ulijua tutakimbia?

Jiko la Baridi (mleta mada)

@Kaka Ngano nilijua mtakimbia.

Ipo, na kwa Walebanoni wa milimani ndiyo heshima ya meza. Ni nyama ya kondoo au mbuzi, ya paja, isiyo na mafuta wala mshipa hata mmoja, inapondwa na burghul (ngano iliyochemshwa, ikakaushwa, ikavunjwavunjwa), kitunguu na viungo. Zamani ilipondwa kwenye kinu cha mawe kinachoitwa jurn, na mwanamke akiponda Jumapili asubuhi kijiji kizima kinasikia. Upande wa kaskazini, Zgharta na Ehden, watu wanabishana nani anaponda laini zaidi kama huku mnavyobishana Simba na Yanga. Inatandazwa kwenye sahani, inachorwa kwa kijiko, inamwagiwa mafuta ya zeituni, inaliwa kwa mkate, nanaa na kitunguu kibichi.

Sharti ni moja: mnyama kachinjwa asubuhi hiyo hiyo na mchinjaji unamfahamu. Nyama haikai mpaka kesho. Kilichobaki kinapikwa jioni. Na hata hivyo nyama mbichi ni nyama mbichi, madaktari hawataki kuisikia kwa wajawazito na watoto. Simlazimishi mtu. Kibbeh ile ile ikikaangwa, umbo la yai lenye ncha mbili, ndani nyama ya kusaga na mbegu za msonobari, hakuna Mswahili niliyemwona akiikataa.

Kaka Ngano

Ya kukaanga nakubali. Ile nyingine nawaachia wenyewe na kinu chao.

Otieno wa Kisauni

Mimi nauliza kuhusu ile pombe nyeupe. Wazee wa Kilebanoni nimewaona kwenye hoteli moja huku Mombasa, wanamimina maji, kinywaji kinageuka kama maziwa. Ni nini na mbona wanaishika glasi kila saa?

Jiko la Baridi (mleta mada)

@Otieno wa Kisauni hiyo ni araki ya zabibu iliyokenekwa na anisi. Ni kali, karibu asilimia 50, ndiyo maana haifai kunywewa kavu. Kawaida theluthi moja araki, theluthi mbili maji, barafu mwisho. Ukitanguliza barafu, mafuta ya anisi yanagandia juu kama utando. Na glasi haijazwi mara ya pili. Ukimaliza unaletewa glasi nyingine safi, ndiyo maana mwisho wa meza unakuta glasi nyingi kuliko watu. Mezze za Zahle zilikua pamoja na araki: inanywewa kidogo kidogo, kwa hiyo chakula nacho kinatakiwa kiwe cha kidogo kidogo na cha kudumu.

Mpemba wa Muscat

Niongeze, asije mtu akadhani bila araki hakuna mezze. Nyumba za Waislamu wa Sham na Ghuba wanakunywa limau na nanaa, au ayran ya mtindi na chumvi, au jallab, ile ya sharubati ya zabibu na maji ya mawaridi, juu inaelea zabibu kavu na mbegu za msonobari. Meza ni ile ile na inachukua saa zile zile. Kwa rafiki yangu wa Halab sijawahi kuona chupa.

Na mleta mada umeelemea Lebanoni mno. Halab wana muhammara: pilipili nyekundu, jozi, makombo ya mkate na asali ya komamanga. Ukiionja hiyo, hummus inakuwa chakula cha wagonjwa.

Jiko la Baridi (mleta mada)

@Mpemba wa Muscat kweli kabisa. Sehemu kubwa ya kinachouzwa duniani kama "mapishi ya Kilebanoni" ni mali ya Sham nzima. Walebanoni walitawanyika zaidi, hasa wakati wa vita vyao vya 1975 mpaka 1990, wakafungua migahawa London, Paris na huku Ghuba, basi jina likawaganda. Sujuk (soseji ya viungo) na basturma (nyama iliyokaushwa kwa viungo) zimeletwa na Waarmenia. Ukifika Bourj Hammoud, mji ulio kando ya Beirut, ndio kwao. Gaza wana dagga yao: nyanya, pilipili mbichi, kitunguu saumu na shibiti vinasagwa kwenye bakuli la udongo, pilipili ya kweli, si ya kutishia. Mtu wa pwani akipewa dagga atauliza kachumbari hii imepondwa na nani.

Wanjiru wa Ashrafieh

Nimesoma uzi wote, mmeandika vizuri, lakini kuna mtu hajatajwa. Nani anafunga hayo majani ya mzabibu?

Nimefanya kazi ya nyumbani Beirut kwa miaka. Nawaelezea ile Jumapili yenu ya saa nane mchana ikitazamwa kutoka jikoni. Inaanza Jumamosi. Pasli ya tabbouleh inachambuliwa jani kwa jani, inaoshwa, inakaushwa kwenye kitambaa mpaka iwe kavu kabisa, maana ikikatwa na maji inatoa ute na madam atasema umeiua. Inakatwa kwa kisu kikali, mara moja, usirudierudie. Mashine hairuhusiwi. Burghul ni kiasi kidogo tu cha kunyonya maji ya nyanya na limau. Bakuli moja la watu kumi ni mafungu na mafungu ya majani.

Majani ya mzabibu: unatandaza jani upande wa mishipa ukutazame, unakata kikonyo, unaweka mchele chini kidogo, unakunja pembeni mbili, unasokota, liwe nene kama kidole kidogo. Likiwa nene kama kidole gumba utaambiwa ni la wavivu. Unapanga kwenye sufuria juu ya slesi za viazi na nyanya, unazungusha duara baada ya duara, unafunika na sahani iliyogeuzwa ili yasifumke yakichemka. Sufuria moja ni majani zaidi ya mia. Kwa meza yanakaa dakika kumi.

Zamani kazi hii waliifanya wanawake wa nyumba wenyewe, mama na mabinti na shangazi, wakikaa pamoja na kupiga soga. Mjini nyumba nyingi ziliikabidhi kwetu, Waethiopia, Wafilipino, Wabangladesh, Wakenya, chini ya kafala, ambapo kibali chako cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri wako, na ukitoka kwake bila ruhusa wewe ni mhalifu. Mnasema meza ni ya kila mtu. Mimi nilijua ladha ya kila sahani, lakini ladha ya jana yake, kutoka kwenye friji.

Sisemi wote ni wabaya. Nyumba yangu ya pili, mama yake madam alikuwa mzee sana, alikaa nami meza ya jikoni tukakunja majani pamoja akinisimulia ya vita. Huyo alinitilia sahani yangu kabla wageni hawajafika, kila kitu kidogo kidogo, akasema mpishi asiyekula kwanza chumvi yake haiaminiki.

Kisha uchumi wao ukaanguka. Dola iliyokuwa lira 1,507 kabla ya 2019 ikaja kupita 89,000. Bandari ikalipuka tarehe 4 Agosti 2020. Mishahara ya wengi wetu ikageuka lira, halafu ikageuka ahadi. Mwaka huo picha za wadada wa Ethiopia walioachwa na waajiri nje ya ubalozi mdogo wa nchi yao Beirut zilizunguka dunia nzima. Wengine wao ndio walioyakunja majani yale.

Fundi Mkuu

Dada pole, lakini uzi ni wa msosi, usituletee siasa.

Mama Wawili wa Tanga

@Fundi Mkuu siasa iko wapi hapo? Kakueleza jinsi chakula kinavyopikwa. Wewe ulidhani yanajikunja yenyewe?

Jiko la Baridi (mleta mada)

@Wanjiru wa Ashrafieh asante kwa kuandika. Kwenye migahawa ni hivyo hivyo. Mpishi mkuu anatoka Lebanoni au Syria, picha yake iko ukutani. Wanaokunja, wanaochambua pasli, wanaomenya kitunguu saumu mpaka kucha zinawaka ni Wanepali, Wafilipino na sisi. Hoja ya saa za kazi ndiyo inayoifanya mezze iwe ghali kuliko malighafi zake, Kibubu na wenzake walioona bili waielewe hapo. Dengu ni za bei nafuu. Mikono ndiyo inayolipiwa, japo hela hiyo haifiki kwenye mikono yenyewe kama inavyotakiwa.

Na hali ya kwao imebadilisha hata meza. Wenzangu wa Beirut wananiambia familia iliyokuwa inaagiza sahani 30 sasa inaagiza nane na kuomba mkate zaidi. Jumapili hawajaiacha.

Kibubu

Tupunguze moto. Kuna ukweli kwamba Walebanoni na Waisraeli walipigana vita vya hummus?

Jiko la Baridi (mleta mada)

Kwa vijiko, ndiyo. Mwaka 2008 chama cha wenye viwanda cha Lebanoni, mwenyekiti akiwa Fadi Abboud, kilianza kudai kwamba hummus ni ya Lebanoni na Israeli inaiuza duniani kama yake. Wakaingia kwenye mashindano ya rekodi. Lebanoni wakatengeneza sahani ya zaidi ya tani mbili mwaka 2009. Januari 2010, Abu Ghosh, kijiji cha Waarabu ndani ya Israeli, wakapiga kilo 4,090 ndani ya dishi la setilaiti. Mei mwaka huo huo Walebanoni wakajibu kwa kilo 10,452, na namba hiyo si ya bahati: ndiyo ukubwa wa Lebanoni kwa kilomita za mraba. Rekodi imesimama hapo. Wapalestina na Wasyria waliangalia tu, maana nao wanaila tangu enzi.

Kwa maoni yangu, kitu kinacholiwa na majirani wote hakina mwenyewe mmoja. Lakini usiseme hivyo mbele ya bosi wangu.

Mkulima wa Nachingwea

Mimi nasoma tahini, tahini, tahini. Si ufuta huo? Huku Lindi na Mtwara tunalima, unaondoka na magunia, sisi tunabaki na kashata. Tahini inatengenezwaje, mtu anaweza akaanza kidogo kidogo nyumbani?

Jiko la Baridi (mleta mada)

@Mkulima wa Nachingwea ndiyo, ufuta mtupu, hakuna kingine. Kazi ni kuondoa ganda. Njia ya zamani: unaloweka ufuta, unausugua ganda liachie, halafu unautia kwenye maji ya chumvi nyingi. Kiini kinaelea, ganda linazama. Unakitoa, unasuuza chumvi yote, unakausha, unakaanga moto mdogo. Usiufanye kahawia kama wa kashata, uache rangi ya pembe, ukizidi unakuwa mchungu. Kisha unasagwa, kwao kwa jiwe, mpaka utoke mafuta yake wenyewe na kutiririka kama uji mwepesi. Nyumbani blenda nzuri inatosha kwa kiasi kidogo, ila ipumzishe isije ikaungua. Ukiusaga na ganda lake unapata tahini nyeusinyeusi, inaliwa, lakini kwa hummus itakuangusha.

Mama Wawili wa Tanga

Haya, nimeshawishika. Jumamosi nina wageni. Nipe mezze ya vitu vinavyopatikana sokoni, na usinitajie jozi.

Jiko la Baridi (mleta mada)

Dengu (Wakenya msije mkachukua ndengu za kijani, ni zile kubwa za rangi ya maziwa) loweka usiku kucha na kijiko cha magadi soda. Chemsha mpaka ukibonyeza kwa vidole viwili ipondeke bila kubisha. Saga ikiwa imepoa, na vipande vya barafu, ndiyo siri ya ulaini. Tahini usiionee choyo. Limau, chumvi, kitunguu saumu kidogo sana. Mafuta ya zeituni juu tu, si ndani.

Biringanya choma moja kwa moja juu ya mkaa mpaka ganda liwe jeusi na lilegee kabisa, menya, chuja maji, ponda kwa uma, tahini kidogo na limau. Mtindi funga kwenye kitambaa safi, ning'iniza usiku kucha juu ya bakuli, asubuhi una labneh, nyunyizia chumvi na nanaa kavu. Viazi vya vipande vidogo, kaanga, vichanganye na kitunguu saumu, kotmiri na pilipili. Sambusa zako za nyama za kawaida, ndogo. Kachumbari isiyo na pilipili, weka vipande vya chapati kavu iliyokaangwa, hiyo ni fattoush ya Tanga. Mkate wa mfuko usipopatikana, chapati ya maji haifai, tafuta naan.

Na usipange vyote mezani wageni wakiingia. Anza na vya baridi, wakae, waongee. Vya moto vitoke jikoni kimoja kimoja. Na wewe ukae, usibaki jikoni.

Wanjiru wa Ashrafieh

@Mama Wawili wa Tanga onja sahani yako kwanza, kabla hawajafika.

Mama Wawili wa Tanga

Na ile krimu nyeupe ya kitunguu saumu wanayokupa na kuku? Nilijaribu, ikaachana, mafuta huku, maji kule.

Jiko la Baridi (mleta mada)

Hiyo ni toum. Uliharakisha mafuta. Kitunguu saumu na chumvi vinasagwa kwanza mpaka vilainike kabisa, halafu mafuta ya alizeti kwa uzi mwembamba mno, ukipokezana na matone ya limau. Ya zeituni usitumie, inakuwa chungu. Kama imeshaachana, usiitupe: osha mashine, weka ute wa yai moja, washa, kisha rudishia ile iliyoachana tone kwa tone. Itashikana.

Kaka Ngano

Yai bichi? Tunarudi kule kule?

Jiko la Baridi (mleta mada)

Basi kiazi kimoja cha kuchemsha, kaka. Wengi wanafanya hivyo na mgeni hajui.